Vyombo Vyangu Vilishikwa Gatini Mokowe

Assalaam alaykum Somo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mkekani, chumba cha ndani, nyumbani kwetu Langoni. Mbele yangu pana kasha la mavyaa yangu. Limepasuka ubavu, na sijui nimwambie nini mwenyewe akija.

Mimi na mume wangu tumekaa Nairobi miaka 14. Mwaka huu kazi yake ilikwisha, kodi ikatuelemea, tukakata shauri turudi Lamu kwenye nyumba ya marehemu babake iliyokuwa imefungwa. Mimi ni mshoni. Nashona mabuibui, madera na sare za madrasa, na cherehani yangu ndiyo iliyolipa karo ya wanangu wawili mwezi ambao mshahara wa baba yao ulichelewa.

Kampuni ya kuhamisha vyombo tuliipata kwa shemeji yangu, kaka wa mume wangu, anayefanya kazi Mombasa. Alisema anawajua na kazi yao ni safi. Dada wa ofisini akaja nyumbani, akapita chumba kwa chumba na daftari lake: vitanda 3, kabati 2, friji, jiko, meza, kasha, cherehani, katoni 22. Akatupa karatasi yenye kichwa "Makadirio ya Gharama". Imeandikwa "Nairobi hadi Lamu, KSh 85,000, kupakia na kupakua ndani". Tulilipa 50,000 siku ya kupakia, 35,000 zikabaki za kufika. Siku ileile nilimtumia ujumbe kwa WhatsApp kumweleza kwamba nyumba iko Langoni, gari haliingii mjini, vyombo lazima vivuke maji kutoka Mokowe kisha vibebwe kwa punda au mkokoteni. Akanijibu, "Usijali mama, tumezoea."

Walipakia Alhamisi. Sina neno juu ya siku ile, vijana walifanya kazi kwa adabu na kasha walilifunga kwa blanketi mbili. Walituahidi Jumamosi. Mimi na watoto tukapanda basi tukatangulia, mume wangu akabaki Nairobi kumalizia karatasi zake za kazi. Ijumaa dereva alisema yuko Mtito Andei. Jumamosi simu imezimwa. Jumapili dada wa ofisini akaniambia gari limeharibika Mombasa, vyombo vimehamishiwa gari jingine. Jumanne nikaambiwa liko Garsen. Siku zote hizo wanangu wanalala kwenye mikeka ya kuazima na wanavaa nguo zilezile walizokuja nazo.

Jumatano saa nne asubuhi simu ikalia. Sauti nisiyoijua: "Niko Mokowe, njoo na pesa."

Nikamchukua mtoto wa kakangu, wa miaka 19, tukakodi mashua, tukavuka. Lori lilikuwa dogo kuliko lile la Nairobi, na jina la mlangoni limefutwa kwa rangi. Dereva mwingine, tanboi mwingine. Turubai limefungwa kamba. Nikamwambia 35,000 zake tayari, afungue. Akasema bado 28,000: 15,000 za umbali uliozidi, 8,000 za siku alizokaa njiani, 5,000 za wapakuaji. Nikamwonyesha karatasi, "Nairobi hadi Lamu". Akacheka, akanyosha kidole. "Hapa ndipo Lamu, mama. Ofisi za kaunti si zile? Mimi nimekufikisha. Maji ni yako."

Nilipiga simu ofisini mara sita. Haikushikwa. Dereva akawasha injini, akasema kama sina pesa anarudi nazo Malindi na kila siku nitalipia. Nahodha wetu naye akaniita pembeni, akanambia, "Bi, maji yanapwa. Tukikaa nusu saa zaidi chombo kitakaa mchangani, tutangoja mpaka usiku."

Somo, nililipa. Nilituma 63,000 kwa M-Pesa, na namba aliyonipa haikuwa ya kampuni, ilitokea jina la mtu. Kisha akaniwekea karatasi juu ya boneti, nisaini ndipo afungue. Nilisoma mstari mmoja tu: "Nimepokea vyombo vyote vikiwa salama na sina dai lolote." Nikasaini.

Turubai lilipofunguliwa harufu ya dizeli ilitupiga usoni. Friji limelazwa juu ya kasha. Kasha limepinduliwa, blanketi hazipo, ubavu umepasuka ufa wa kuingia kidole. Unajua makasha yetu yana droo tatu ndogo chini. Mbili zipo. Ya tatu hakuna. Niliinama ndani ya lori nikafagia kwa mkono, nikapata kishikio chake cha shaba, kile cha duara, peke yake. Nimekifunga kwenye pindo la leso yangu mpaka leo. Cherehani hakuna. Katoni moja ya masufuria hakuna.

Mashua nililipa mimi 6,000, mahamali na punda 4,500.

Dada wa ofisini siku ya kwanza alinipa pole, siku ya pili akasema, "Lakini ulisaini mama." Sasa anasoma ujumbe wangu hajibu. Mume wangu anasema tumshukuru Mungu watoto wamefika salama, tuache. Tukiishtaki kampuni kakake ataaibika, maana ndiye aliyetuletea. Na mavyaa yuko Malindi kwa bintiye, amefanyiwa matibabu ya macho, anarudi baada ya wiki mbili. Kasha hili alilirithi kwa mamake, akanipa mimi siku ya harusi yangu, akawaruka binti zake wawili. Mume wangu anataka tulifunike kitambaa tuliweke store, asilione.

Je, ile sahihi imenifunga? Nimfiche mavyaa? Na nikidai haki yangu, nitakuwa nimemvunjia heshima mume wangu?

Mwenye Kasha,
Langoni, Lamu

*

Waalaykum salaam Somo yangu, na pole. Pole ya kweli. Nimesimama kwenye gati ile ya Mokowe mara nyingi, najua jua lake la saa tano na jinsi mtu anavyohangaika kati ya lori lililo nyuma yake na maji yanayokimbia mbele yake. Dereva yule naye alijua. Hakukuchagulia saa ile kwa bahati.

Sahihi haijakufunga namna unavyoogopa. Umesaini kwamba umepokea vyombo salama kabla turubai halijafunguliwa. Hukuona hata sufuria moja. Karatasi ile inasema jambo ambalo wewe usingeweza kulijua, na yeye aliyekuwekea juu ya boneti alijua kwamba hulijui. Tena ulisaini mali yako ikiwa mikononi mwake, injini inaunguruma, ofisi haishiki simu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na sheria hiyo inalitaja jambo hili waziwazi: mtu kutumia mali ya mteja aliyoishika ili kumshinikiza abadilishe masharti ni tendo lisilo la haki. Mapatano yaliyopatikana kwa njia hiyo mteja anaweza kuyavunja kwa kutoa taarifa ndani ya mwaka mmoja. Usiusubiri mwaka. Lakini ujue kwamba neno "ulisaini mama" halimalizi kesi, na pengine hata huyo dada anajua.

Nikutenganishie jambo moja, kwa sababu watu hulichanganya. Mwenye gari ana haki ya kulipwa nauli mliyokubaliana kabla hajaachilia mzigo. Zile 35,000 zilikuwa haki yake pale gatini, na ulikuwa nazo. Kosa lake lilianza kwenye 28,000. Kushikilia mzigo kwa ajili ya deni ni jambo moja. Kubuni deni jipya ukiwa umeushikilia mzigo ni jambo jingine kabisa.

Sasa njoo kwenye neno "Lamu", maana ndilo walilokutegea. Dereva anasema Mokowe ni Lamu kwa kuwa makao ya kaunti yako pale. Ni kweli yako pale. Lakini hakuna mtu wa Langoni anayemwambia mwenziwe "nimefika Lamu" akiwa bado ng'ambo, na kampuni iliyokwambia "tumezoea" haiwezi kujifanya haijui hilo. Neno kwenye mkataba likiwa na maana mbili, sheria hiyohiyo inataka lifasiriwe kwa upande unaomfaa mteja. Na wewe hata huhitaji kufika huko, kwa sababu una ujumbe. Uliwaeleza kabla gari halijaondoka Nairobi kwamba nyumba iko Langoni, kwamba kuna maji ya kuvuka, kwamba kuna punda. Wakajibu usijali. Ujumbe ule ndio mkataba wako, na karatasi yao imeandika "kupakua ndani". Ndani ya nini, kama si ndani ya nyumba? Upige picha ya skrini, uitume kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini, kisha uichapishe. Simu huanguka baharini.

Kuhusu hesabu. Karatasi yenu imeandikwa "Makadirio". Mkataba ukiwa na makadirio, mtoa huduma haruhusiwi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake, isipokuwa mmekubaliana upya kwa kazi mpya. Asilimia 10 ya 85,000 ni 8,500. Kwa hiyo hata wakipendelewa kwa kila hali, mwisho wao ulikuwa 93,500. Umewalipa 113,000. Na kazi mpya iko wapi? Umbali wa Nairobi hadi Mokowe haukurefuka njiani. Siku za kukaa zilitokana na gari lao lililoharibika, si wewe uliyewaweka. Wapakuaji wamo kwenye karatasi. Mimi ningekushauri udai 28,000 zote, na juu yake zile 10,500 za mashua, mahamali na punda, kwa sababu kufika mlangoni kulikuwa sehemu ya kazi waliyoichukua. Hizo ni 38,500 kabla hatujagusa kasha wala cherehani.

Watakwambia dereva wa Mokowe si wao, umuulize yule mwenye lori. Hii ndiyo kawaida ya baadhi ya hizi kampuni: wanachukua kazi kwa jina lao, kisha wanaikabidhi kwa kenta (lori dogo) ya mtu iliyo karibu na inayotaka bei ndogo, na mzigo unahamishwa usiku kwenye yadi bila mtu kuuhesabu. Hapo ndipo blanketi zilipovuliwa, na nadhani ndipo cherehani iliposhuka. Wewe hukupatana na mwenye lori. Ulipatana na kampuni, ukailipa kampuni 50,000, na hiyo ndiyo inayokujibu. Ugomvi wao na dereva wao wataumaliza wenyewe.

Cherehani na masufuria usivitie kwenye barua tu. Nenda kituo cha polisi uandikishe kwamba vyombo vyako havikufika, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Taja namba ya gari kama kijana wako aliiona au ipo kwenye picha yoyote. Toa jina lililotokea M-Pesa ulipotuma zile 63,000. Jina lile ni la mtu halisi mwenye kitambulisho. Taarifa yako ya M-Pesa unaweza kuipata mwenyewe kwa simu kwa kupiga *334#. Na mtoto wa kakako aandike leo, kwa mkono wake, aliyoyaona na kuyasikia pale gatini, atie tarehe na sahihi. Nahodha pia, akikubali. Kauli ya nahodha kwamba maji yalikuwa yanapwa ina uzito mkubwa kuliko unavyodhani, maana inaeleza kwa nini mtu mwenye akili timamu alilipa na kusaini.

Kisha andika barua ya madai. Usiipambe, usitukane, usisimulie uchungu. Iwe hivi:

"Tarehe fulani mlipakia vyombo vyangu Nairobi kwa makadirio ya KSh 85,000, vifikishwe nyumbani kwangu Langoni, Lamu, kama ujumbe wangu wa siku hiyo na jibu lenu vinavyoonyesha. Vilichelewa siku 4. Gatini Mokowe dereva wenu alikataa kufungua gari mpaka nilipe KSh 28,000 zaidi na kusaini hati kabla sijaona vyombo. Hati hiyo naikana. Cherehani, katoni moja ya masufuria na droo moja ya kasha havikufika, na kasha limevunjika. Nadai jumla ya fedha zilizoorodheshwa hapa chini. Msipolipa ndani ya siku 14, nitapeleka madai yangu Mahakama ya Madai Madogo bila kuwaarifu tena."

Chini yake orodha na bei. Itume kwa barua pepe yao, kwa WhatsApp, na nakala ya karatasi kwa mtu wa Nairobi aipeleke ofisini na kugongewa muhuri au kusainiwa kwamba imepokewa. Mumeo bado yuko huko, nitakuja kwake. Kabla ya kuituma, tafuta kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, jina halisi walilosajili biashara yao. Jina la kwenye fulana za vijana huenda si jina la kwenye sajili, na mahakama inataka la kwenye sajili.

Baadhi ya barua hizi hulipwa kabla ya siku 14 kwisha, kwa sababu mtu aliyezoea wateja wanaolia huwaza upya akiona mteja anayehesabu. Isipolipwa, Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya watu kama wewe. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, ikiwamo mali iliyoharibiwa au isiyofikishwa. Huhitaji wakili. Unaweza kusema Kiswahili chako. Haijifungi na zile taratibu ngumu za ushahidi, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Ya Nairobi iko Milimani, na Nairobi ndiko kampuni iliko na ofisi na ndiko mlikopatana. Anzia mahakama ya Lamu, kwenye dawati la msajili, uwaombe wakuonyeshe namna ya kuwasilisha bila kusafiri. (Najua kuna watakaokwambia uende kwa Kadhi kwa kuwa ndiye mliyemzoea. Kadhi anashughulikia ndoa, talaka na mirathi. Hili si lake.)

Shemeji yako. Hapa nitasema kwa upole lakini nitasema. Mumeo anadhani kunyamaza kunamsitiri kakake. Mimi naona kunawasitiri waliomtumia kakake. Aliwaleta kwa nia njema, wakala chumvi yake na yenu. Leo anaendelea kuwasifu kwa wenziwe huko Mombasa, na kesho atampelekea jirani yake mwenye mgonjwa, au mjane. Aibu yake itakuwa kubwa zaidi siku atakapojua kwamba nyinyi mlijua mkanyamaza. Mwombe mumeo ampigie simu kakake mwenyewe, kabla barua haijatumwa, amwambie: "Kaka, yametokea haya, hatukulaumu, tunadai kwa kampuni, na tunataka utusaidie." Mtu aliyeletwa kwenye jambo kama msaidizi haoni haya kama yule anayelisikia kwa watu. Na huenda ana namba ya mwenye kampuni, si ya dada wa ofisini. Simu moja kutoka kwake yaweza kufanya kazi ya wiki mbili.

Kudai haki yako si kumvunjia mumeo heshima. Cherehani ile ilikuwa jiko la nyumba yenu. Mpe kazi ya kufanya: apeleke barua ofisini kwa mkono wake akiwa bado Nairobi. Wanaume wengi husema "tuache" kwa sababu hawajaona pa kuanzia.

Na wewe usingoje hukumu ndipo ushone. Langoni haikosi mshoni mwenye cherehani ya pili imekaa. Azima au kodi kwa mwezi, na gharama hiyo iandike kwenye orodha ya madai pamoja na risiti.

Kwa wenzetu wengine wanaosoma haya na wanajiandaa kuhamia Lamu au visiwa vya jirani: kwenye karatasi yenu pasiandikwe "Lamu" tu. Paandikwe jina la mtaa na mlango, nani anakodi chombo, nani analipa mahamali na punda, na kwamba mzigo hautahamishiwa gari jingine bila nyinyi kuarifiwa. Ulizeni kama mzigo una bima ya safari, mwone hati yake, na msome kama imeandikwa popote kwamba vyombo vinasafiri kwa hatari ya mwenyewe. Kubalianeni na nahodha siku moja kabla, mjue maji yanajaa saa ngapi, lori lifike maji yakipanda, ili saa isiwe silaha ya mtu. Na mkilazimika kusaini kabla ya kufungua, andikeni kwa mkono juu ya sahihi yenu: "Sijafungua, sijakagua." Maneno mawili. Dereva akikataa muyaandike, pigeni picha akikataa.

Nimebakisha mavyaa makusudi, kwa sababu naona ndiye anayekunyima usingizi kuliko zile pesa.

Usilifunike kasha. Mwanamke aliyewaruka binti zake wawili akampa mkaza mwanawe hakukupa mbao, na akirudi atalitafuta kwa macho yake mapya kabla hajavua viatu. Akilikuta store chini ya kitambaa atajua mambo mawili kwa mara moja: limevunjika, na hamkumwamini. La kwanza atalisamehe siku hiyohiyo. Mpigie wewe, si mumeo, leo baada ya alasiri. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, kuanzia blanketi mbili mpaka friji lililolazwa juu yake. Mwambie unalidai. Kisha mwulize, hilo usilisahau, kama anamjua fundi aliyewahi kulishika, kwa sababu kasha la umri huo halikosi kuwa liliwahi kutengenezwa, na mwenye kumbukumbu ni yeye.

Lakini fundi asilishike bado. Kwanza piga picha kila upande kwenye mwanga wa asubuhi: ufa, na kidole chako kando yake ili ukubwa uonekane, pengo la droo, droo mbili zilizobaki zikiwa zimevutwa. Kisha mwite seremala mzuri, Lamu hatujapungukiwa, akuandikie kwenye karatasi mbao ni za mti gani, ameona nini, na kulirudisha lilivyokuwa kutagharimu kiasi gani. Karatasi hiyo ndiyo itakayotia bei kwenye dai lako. Siku ya kulitengeneza, usimruhusu mtu yeyote atie msumari wa chuma. Chumvi ya hapa huula, na kutu lake hupaka mbao doa lisilotoka. Misumari ya shaba, kama ya mwanzo, hata ikichelewa kupatikana.

Kile kishikio usikitembeze tena kwenye leso. Kipige picha kikiwa mkononi mwako, kikitie kwenye bahasha pamoja na nakala ya OB, andika juu yake tarehe uliyokipata na mahali. Fundi atakihitaji atakapochonga droo ya tatu.